Sura ya 7: Draiva na Barabara ya Nongwe

Draiva mbovu ikiingia kwenye kompyuta ya ofisi iliyopo Posta, Dar es Salaam, fundi hupanda ghorofa mbili, huketi nusu saa, na kazi huendelea. Ikiingia kwenye kompyuta ya zahanati iliyo milimani, wilayani Gairo, inadai petroli, siku nzima ya mtu na mvua iliyokubali kutulia. Kwa sababu hiyo nimeichagua Gairo iwe darasa letu katika sura hii.

Gairo ilikuwa sehemu ya Kilosa hadi mwaka 2012 ilipofanywa wilaya. Watu wengi wanaijua kwa kuipita. Ni mji ulio kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, karibu nusu ya safari, ambapo basi likishaiacha Dumila na kupanda, upepo hubadilika na abiria huanza kufunga vioo. Lakini mji ule wa barabarani ni ukingo tu wa wilaya. Nyuma yake ni nchi ya Wakaguru, mashamba ya mahindi na maharage, kisha milima ya Ukaguru, ambako iko kata ya Nongwe. Mvua za masika zikishika huko juu, mwendesha bodaboda hukutazama viatu kwanza ndipo akutajie nauli.

Sasa fikiria kompyuta za halmashauri ya wilaya ya namna hii. Haziko katika jengo moja. Ziko makao makuu, hospitalini, katika vituo vya afya, shuleni na kwa watendaji. Na kazi zinazobeba si za kuchezea. Katika halmashauri za nchi hii mgonjwa huandikishwa kwenye GoTHOMIS, malipo ya serikali hupita kwenye MUSE, na mfanyabiashara anayelipia leseni husubiri namba ya malipo itoke. Mifumo hiyo husifiwa kwenye hotuba. Draiva haitajwi popote, na bila draiva hakuna hata mmoja wa mifumo hiyo unaofikia karatasi, kioo au mtandao.

Neno lenyewe kwanza. Wapo wanaopendekeza tuseme "kiendeshi", lakini neno hilo hutumika pia kwa diski, na fundi ukimwambia kiendeshi chake kimeharibika atakuuliza kipi. Mafundi husema draiva, nami nitasema draiva.

Sasa kazi yake. Siku ya gulio lori huja kutoka Dar es Salaam kutafuta mahindi. Mwenye lori hamjui mkulima, wala hajui gunia la nani limekauka. Mkulima naye hajui leo bei imefika wapi kwenye soko la Tandale. Katikati yao yupo dalali, anayejua lugha ya huyu na hesabu za yule. Draiva ni dalali wa aina hiyo. Windows haijui namna printa fulani inavyovuta karatasi, na printa haijui Windows ni kitu gani. Draiva huchukua agizo la upande mmoja na kuligeuza liwe tendo upande wa pili. Kila kifaa kina dalali wake: kadi ya waifai, kioo, spika, kamera, skana, kisoma alama za vidole.

Tatizo ni kwamba dalali huyu amepewa ufunguo wa ghala. Draiva nyingi hufanya kazi ndani kabisa ya kiini cha mfumo, mahali ambapo programu ya kuandikia barua haikanyagi. Programu ya barua ikikosea, hujifunga yenyewe na kompyuta hubaki hai. Draiva ya kwenye kiini ikikosea, kompyuta nzima huanguka na skrini ya bluu hutokea. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliandika kwamba draiva zilichangia asilimia 85 ya hitilafu za Windows XP zilizokuwa zimeripotiwa wakati huo. Mambo yamekuwa bora tangu wakati ule. Kuanzia toleo la Windows 10 la Agosti 2016, draiva mpya ya kwenye kiini haipokelewi bila sahihi ya Microsoft. Lakini sahihi inakueleza tu draiva imetoka kwa nani na kwamba haikuchezewa njiani. Haikuahidi kuwa itaelewana na kompyuta yako.

Dunia nzima ilipewa somo hilo tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama ya CrowdStrike ina draiva inayokaa ndani ya kiini cha Windows na kulinda kompyuta za mashirika makubwa. Siku hiyo ilituma faili la maelekezo ambalo draiva hiyo hulisoma, na faili lilikuwa na kasoro. Lilikwenda kwa wateja wote kwa mkupuo mmoja. Lilirudishwa baada ya dakika 78, lakini kwa hesabu ya Microsoft kompyuta takribani milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuanguka. Ndege zilibaki chini, hospitali ziliahirisha matibabu. Na hapa ndipo penye funzo kwa Gairo: dawa ilikuwa tayari ndani ya saa moja na nusu, ila kompyuta nyingi hazikuweza kuimeza, kwa sababu kompyuta isiyowaka haipokei kitu kutoka mtandaoni. Ilibidi mtu aende, akae mbele ya kila mashine, afute faili kwa mkono. Kosa la dakika 78 lilidai siku nyingi za kutembea.

Kwa kiwango chetu, kosa la namna hiyo lina jina la kawaida sana: draiva ya kadi ya mtandao. Ikiharibika, unapoteza barabara ambayo dawa ingepitia.

Nililiona kwa macho yangu katika ofisi moja ambayo sitaitaja, na haikuwa Gairo. Ijumaa jioni draiva mpya ya waifai ilishuka yenyewe kwenye kompyuta mpakato zote za modeli moja. Jumatatu asubuhi mashine kumi na moja hazikuona mtandao. Niliitwa kwa mhasibu, mama mtu mzima aliyekuwa amekaa amekunja mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiki kidude tangu nimefika hakitaki mtandao, na yule baba pale nje anasubiri namba ya malipo. Nimwambie nini?"

Sikuwa na la kumwambia. Draiva ya zamani ilikuwa mtandaoni, na mtandao ndio uliopotea. Nilichomeka simu yangu kwa waya wa kuchajia, nikairuhusu kompyuta itumie bando langu kupitia waya huo, nikapakua draiva ya zamani, nikaiweka kwenye flashi na kuzunguka meza hadi meza. Baadaye niligundua kwamba nilijitaabisha bure kwa baadhi ya mashine hizo: Windows huitunza draiva iliyotangulia, na ndani ya orodha ya vifaa kuna kitufe cha kuirudisha. Yule baba alikuwa ameondoka kabla sijamaliza. Tangu siku hiyo sitembei bila flashi yenye draiva za kadi ya mtandao za kila modeli ninayoihudumia, na kila Afisa TEHAMA ninayekutana naye namsihi afanye hivyo.

Msomaji atauliza: kwa nini basi tusizizuie draiva mpya kabisa? Kompyuta inafanya kazi, iache. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi, na lina busara ya mtu aliyeumizwa. Lakini draiva ya zamani nayo ni mlango. Mwaka 2020 iliripotiwa kwamba wahalifu wa programu ya kudai fidia iitwayo RobbinHood walishambulia mashirika kwa kubeba wenyewe draiva ya zamani ya kampuni ya Gigabyte, yenye sahihi halali na tundu linalojulikana. Waliiingiza, wakapenya kupitia tundu hilo hadi kwenye kiini, wakazima programu za ulinzi, kisha wakafunga mafaili kwa usimbaji fiche. Hadi leo mbinu hiyo inaendelea kutumika. Microsoft inatunza orodha ya draiva zilizopigwa marufuku, na kompyuta isiyosasishwa haipati orodha mpya.

Kwa hiyo tunasasisha. Suala ni nani atangulie na nani afuate.

Vitabu vya kigeni hufundisha kugawa kompyuta katika mikupuo: asilimia fulani kwanza, kisha zaidi, kisha zote. Au hugawa kwa idara, fedha kwanza, utumishi baadaye. Kwa wilaya kama Gairo nasema panga mikupuo kwa barabara. Swali la kujiuliza ni hili: kompyuta hii ikifa leo saa nne, nitaifikia saa ngapi? Mashine ya Afisa TEHAMA mwenyewe itangulie, pamoja na moja ya kila modeli iliyopo makao makuu, na zikae wiki nzima zikichapa, zikiskani, zikilazwa na kuamshwa, maana draiva nyingi mbovu hujidhihirisha pale kompyuta inapoamka kutoka usingizini. Zikipita salama, zifuate zilizobaki makao makuu na hospitalini. Kisha zilizo kando ya lami. Za milimani ziwe za mwisho, na zipokee draiva ambayo imekwisha kuishi wiki kadhaa kwenye modeli ile ile bila kulalamikiwa. Cheo kisiwe na sauti katika mpango huu. Nimeona mahali ambapo kompyuta ya bosi husasishwa ya kwanza kwa heshima, na mahali ambapo haisasishwi kabisa kwa woga. Yote mawili ni makosa.

Kuna vitu viwili ambavyo havifai kutumwa mlimani kwa mbali hata kidogo. Cha kwanza ni draiva ya mtandao, kwa sababu nilizokwisha kueleza. Cha pili ni programu ya ubao mama, ile inayoitwa BIOS. Umeme ukikatika wakati inaandikwa, ubao unaweza kufa moja kwa moja, na hapo flashi haisaidii. Hivi viwili visubiri gari linalokwenda. Na gari lipo. Timu ya afya ya halmashauri hufanya usimamizi shirikishi, huzunguka vituo na zahanati kwa ratiba. Afisa TEHAMA aombe kiti kimoja ndani ya gari hilo. Wakati wenzake wanakagua rejesta za chanjo, yeye anashughulika na kompyuta, betri yake ikiwa imejaa na chaja imechomekwa. Halmashauri haiongezi hata lita moja ya mafuta.

Kalenda nayo ina neno lake. Wiki za mwisho za Juni, mwaka wa fedha unapofungwa, mtu asiguse draiva yoyote katika ofisi ya fedha. Vivyo hivyo shuleni wakati wa kusajili watahiniwa. Na kwa kata za mlimani, kazi kubwa ifanyike kabla ya masika.

Haya yote yanasimama juu ya kitu kimoja ambacho wengi hawana: orodha. Rejesta ya mali ya ofisi huandika "kompyuta mpakato, nyeusi", pamoja na namba iliyobandikwa chini. Hiyo inamtosha mkaguzi wa mali, lakini fundi wa draiva haimpi lolote. Kampuni moja huuza modeli mbili zenye jina linalofanana, moja ina kadi ya waifai ya Intel na nyingine ya Realtek, na draiva ya hii haiitambui ile. Hali huwa ngumu zaidi kwa sababu kompyuta zetu hazikuja siku moja. Nyingine zilikuja na mradi wa afya, nyingine na mradi wa elimu, nyingine zilinunuliwa dukani, nyingine ni za mtumba kutoka Kariakoo ambazo zilianza kazi katika ofisi ya Ulaya kabla ya kufika kwetu.

Kupata orodha hakuhitaji fedha. Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika driverquery, na Windows itakutolea draiva zote zilizomo pamoja na tarehe zake. Andika systeminfo, itakupa modeli. Weka hayo kwenye jedwali, ongeza safu ya mahali kompyuta ilipo na nyingine ya muda wa kufika huko, kiangazi na masika. Safu hiyo ya mwisho huwezi kuipata katika programu yoyote ya usimamizi inayouzwa, nami naiona kuwa ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Kuhusu zana za kusimamia, nitapita haraka kwa sababu zinabadilika. Tangu 2005 Microsoft imekuwa ikitoa WSUS, seva ya ofisini inayopokea masasisho, nawe unaidhinisha yapi yaende. Septemba 2024 ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena, ingawa bado inafanya kazi, na inawavuta wateja kwenye Intune, ambayo hulipiwa kwa mwezi kwa kila mtumiaji. Asiye na vyote viwili anayo sera moja ndani ya Windows ya toleo la kitaalamu, inayosema draiva zisijumuishwe katika masasisho ya kawaida. Ukiiwasha, kompyuta itaendelea kupokea viraka vya usalama vya Windows, lakini draiva zitasubiri mkono wako. Napenda sera hiyo, kwa sharti moja zito: pawe na mtu ambaye kweli ataziweka draiva kwa mkono. Ofisi isiyo na mtu huyo iache Windows ijiendeshe. Draiva iliyowekwa na Microsoft bila kuulizwa ina afadhali kuliko kompyuta iliyosahaulika miaka minne.

Bando pia lipigiwe hesabu. Draiva ya kadi ya picha inaweza kuvuka megabaiti 500. Kompyuta 6 za kituo kimoja cha afya zikiivuta kila moja peke yake, kifurushi cha mwezi kimekwisha. Windows ina uwezo wa kufanya kompyuta moja ipakue na kuwagawia jirani zake kwenye mtandao ule ule wa ndani; uwashwe. Na pale ambapo mtandao ni wa simu, uandikwe kwenye mipangilio kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, na Windows haitapakua draiva bila ruhusa.

Printa zinastahili neno lao, kwa kuwa ndizo zinazomwita fundi kuliko kifaa kingine chochote. Julai 2021 ulitangazwa udhaifu mkubwa katika sehemu ya Windows inayoshughulikia uchapaji, uliopewa jina la PrintNightmare. Mshambuliaji aliweza kusukuma draiva yake kupitia sehemu hiyo na kuitawala kompyuta. Kiraka cha Agosti mwaka huo kilizuia mtumiaji wa kawaida kuweka draiva ya printa, na ofisi nyingi duniani ziliamka zikakuta kila anayetaka kuchapa anaombwa nywila ya msimamizi. Mafundi waliochoka waliwapa wafanyakazi wote nywila hiyo. Usifanye hivyo. Ni sawa na kumpa kila mpita njia ufunguo wa ghala ili usisumbuliwe na dalali mmoja. Njia bora ni kununua printa zinazojua itifaki ya IPP, ambazo Windows huzungumza nazo kwa draiva yake yenyewe. Septemba 2023 Microsoft ilisema itaacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za printa za watengenezaji. Anayenunua printa leo anunue akijua hilo.

Kisha kuna bidhaa bandia. Mashine nyingi za maabara hutuma majibu kwa waya wa siriali, na kompyuta za sasa hazina tundu hilo, kwa hiyo hutumika waya wenye kigeuzi cha USB. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ya Uskoti, inayotengeneza chipu za vigeuzi hivyo, ilitoa draiva kupitia Windows Update ambayo ilikuwa ikizitambua chipu za kughushi na kufuta namba zao za utambulisho. Waya uliokuwa ukifanya kazi jana haukutambuliwa tena na kompyuta yoyote. Kelele zikapigwa, draiva ikaondolewa. Waliopata hasara ni watu walionunua waya kwa nia njema, wasijue ndani yake kuna nini. Kwa hospitali ya wilaya, kompyuta iliyounganishwa na mashine ya maabara isiwe katika mkupuo wowote. Isasishwe peke yake, mtu wa maabara akiwa amesimama kando, na sampuli moja ipimwe kabla fundi hajaondoka.

Na onyo kuhusu zile programu za mtandaoni zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa kubofya mara moja. Nyingi huleta draiva pamoja na matangazo na vivinjari usivyoviomba. Draiva ichukuliwe Windows Update, au kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, kwa modeli iliyoandikwa kwenye orodha yako.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, na watengenezaji wa vifaa watazidi kuacha kuziandikia draiva. Halmashauri zitalazimika kununua mpya, na hapo ndipo uamuzi mkubwa wa draiva hufanyika, kabla hata boksi halijafunguliwa. Mkurugenzi unayesoma haya, bajeti itakapoandaliwa na zabuni kupandishwa kwenye mfumo wa manunuzi wa NeST, usiruhusu kila idara ichague kompyuta yake. Agiza modeli moja, mbili zikizidi, kwa wilaya nzima, na moja ya ziada ibaki kwa Afisa TEHAMA wako ili kila draiva ipite kwake kwanza. Nongwe ipate kompyuta ambayo pacha wake tayari yuko mezani kwa Afisa huyo.